Jina Lipo, Ila Haliji: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Kumbukumbu na Umri

Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: usahaulifu upi ni wa umri, upi ni wa ugonjwa, na nyumbani kuna lipi la kufanya. Tumezifupisha na kuondoa majina. Mwenye mzee aliyebadilika ghafla, kati ya jana na leo, aanze na swali la tatu kabla ya mengine yote.

Nina miaka 64. Nakutana na mtu niliyefanya naye kazi miaka mingi, uso naujua, hata dawati alilokalia nalikumbuka, lakini jina linagoma. Baada ya saa mbili, nikiwa nafanya shughuli nyingine, linakuja lenyewe. Ya utotoni nayakumbuka vizuri kabisa. Je, ndiyo dimensia inaanza?

Uliyoyaeleza, mama, hayaonyeshi dimensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Jina lililokuja lenyewe baada ya saa mbili halikuwa limepotea. Lilikuwepo, ila njia ya kulifikia ilichelewa. Hali hii huwapata hata vijana, huongezeka kadiri umri unavyosonga, na majina ya watu ndiyo yanayoongoza kwa kukwama. Sababu ni kwamba jina la mtu halishikwi na kitu kingine. Ukisikia kwamba fulani ni mshonaji, akili inavuta cherehani, kitambaa, futi na uzi, na lolote kati ya hivyo linaweza kukurudisha kwenye neno. Ukisikia kwamba anaitwa Baraka, hakuna cha kuvuta.

Kumbukumbu si kitu kimoja, na haizeeki kwa mwendo mmoja. Inayodhoofika mapema ni kumbukumbu ya matukio: nani alisema nini, wapi, lini. Kasi ya kufikiri nayo huanza kushuka polepole tangu mtu akiwa kijana, bila yeye kuona. Maarifa na msamiati, kinyume chake, huendelea kukua na kwa wengi hushikilia hadi miaka ya 60 na kitu au 70. Ujuzi uliozoeleka wa mikono, kama kushona au kuendesha baiskeli, hudumu zaidi. Linalolegea mno ni gundi ya kuunganisha vitu viwili: uso na jina, habari na aliyeileta. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuikumbuka habari barabara huku akiwa hana hakika aliisikia kwa daktari au kwa jirani.

Kuna jaribio moja la maabara linaloeleza mengi. Mpe mtu wa miaka 70 orodha ya maneno 15, kisha mwambie ayataje bila msaada: atataja machache kuliko kijana. Sasa mwonyeshe maneno yale yale yakiwa yamechanganywa na mageni, achague aliyoyaona. Pengo lake na kijana hupungua sana. Udhaifu mkubwa uko kwenye kuchomoa jambo bila kidokezo. Karibu kila msaada utakaousoma hapa chini ni namna ya kuweka kidokezo mahali pake.

Kuhusu ya utotoni, usiyatumie kujipima. Karibu kila mtu aliyevuka miaka 50 ana kumbukumbu nyingi za kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yake, na zile anazozisimulia mara kwa mara huimarika kwa kusimuliwa. Hata mgonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi, aliye hatua za mwanzo huzihifadhi. Kwa hiyo haziondoi wasiwasi, wala hazileti.

Jina likikwama, liache. Mara nyingi kinacholizuia ni jina jingine linalofanana nalo ambalo limekuja mbele, na kila unapolazimisha unalipa nguvu hilo lisilo lenyewe. Ukikutana na mtu mpya, litaje jina lake mara moja katika sentensi ya kwanza, tena baada ya dakika moja, tena mnapoagana. Ukienda kwenye shughuli, pitia majina ya watakaokuwepo dakika chache kabla ya kuingia.

Ya kukutia wasiwasi ni haya: kutajiwa jina na bado lisilete chochote, kupotea kwenye njia uliyoizoea, kuuliza swali lile lile ndani ya saa moja bila kujua umeshauliza, kushindwa hesabu au hatua za kazi uliyoifanya miaka mingi. Jingine ni pale ndugu wanapoona kasoro wewe ukiwa huioni. Anayekuja na orodha ndefu ya aliyoyasahau kwa kawaida anakumbuka kwamba alisahau, nayo ni dalili njema. Ila kama hali inazidi kwa miezi sita hadi mwaka, nenda ukapimwe hata kama kwenye orodha hii hujajiona.

Mume wangu ana miaka 70, anameza dawa ya presha asubuhi na jioni. Anameza, dakika kumi baadaye ananiuliza: "Nimemeza?" Kuna siku alimeza mara mbili. Tumeweka kengele ya simu, haijasaidia.

Hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa sura tu. La kwanza ni kusahau kumeza. La pili ni kusahau kwamba umeshameza, na hilo ndilo la mzee wako. Tendo linalofanywa kila siku kwa namna moja haliachi alama yake yenyewe, kwa hiyo kidonge cha leo kinafanana na cha jana kiasi kwamba akili haiwezi kuvitenganisha. Kengele inasaidia kosa la kwanza. La pili inaweza hata kulichochea, kwa sababu inapolia tena baada ya kuahirishwa inamwambia "meza" bila kujua alichokwisha kufanya.

Anzeni na kiboksi cha vidonge chenye vyumba 14, siku 7 mara 2. Kijazwe mara moja kwa wiki, siku ile ile, kwenye mwanga wa kutosha, karatasi ya daktari ikiwa pembeni. Ajazaye achukue dawa moja, aipange vyumba vyote vya wiki nzima, afunge chupa, ndipo afungue nyingine. Kuwa na chupa mbili wazi kwa wakati mmoja ndicho chanzo kikubwa cha kuchanganya. Mtu wa pili akague. Dawa za kumeza inapobidi tu, kama za maumivu, zisiingie humo. Kuna dawa zisizopaswa kutolewa kwenye pakiti yake kwa sababu zinaharibika kwa unyevu au mwanga, kwa hiyo mwulizeni mfamasia kabla ya kuzihamisha. Kiboksi kikae mbali na watoto, na kisiwekwe bafuni kwenye mvuke.

Kisha ifungeni dawa yake kwenye tendo badala ya saa. Wanasaikolojia Gilles Einstein na Mark McDaniel, waliolichunguza jambo hili tangu mwaka 1990, walionyesha kwamba mtu mzima akipewa kazi inayoanzishwa na tukio ("ukiona kitu hiki, fanya hivi") anaweza kufanya karibu sawa na kijana, lakini huachwa nyuma anapotakiwa kufuatilia muda mwenyewe. Kwa hiyo sentensi iwe hivi: "Nikimaliza kupiga mswaki asubuhi, nitakwenda mezani nifungue chumba cha leo." Aitamke kwa sauti mara chache huku akiliona tendo lenyewe kichwani: meza ipi, mkono upi, glasi iko wapi. Dakika tatu zinatosha. "Baada ya kula" ni kidokezo kibovu, kwa kuwa mlo huhama saa na mahali. "Asubuhi" pekee si kidokezo kabisa.

Kwa kosa la pili kuna dawa inayochekesha lakini imejaribiwa. McDaniel na wenzake waliwapa watu wazima kazi ya kurudia-rudia, wakaona kwamba walioagizwa kuifanya huku wameweka mkono mmoja kichwani walipunguza kosa la kuirudia. Tendo la ajabu linaacha alama. Mume wako anaweza kumeza amesimama huku ameshika kiti fulani, au akitamka "Jumanne, asubuhi, nimemeza." Atamke siku yenyewe. "Nimemeza" tupu kesho itafanana na ya leo. Na kifuniko cha chumba alichomaliza kiachwe wazi hadi jioni.

Akiwa na shaka, aangalie kiboksi. Kama kiboksi hakisemi kitu, asimeze dozi ya pili kwa kubahatisha. Kwa insulini, dawa za kuzuia damu kuganda na za kifafa, ulizeni kliniki mapema nini cha kufanya dozi ikiwa na utata, muandike jibu na kulibandika ndani ya kabati la dawa. Kengele mnaweza kuiacha, kwa sharti moja: izimwe akiwa amesimama mbele ya kiboksi, si kitandani.

Baba ana miaka 78. Hadi juzi alikuwa mzima, anasoma gazeti. Tangu jana hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo, kisha saa chache anakuwa sawa. Majirani wanasema ni uzee umemfika.

Uzee haufiki kati ya jana na leo. Mpeleke hospitali leo.

Hali hii ni mkanganyiko wa ghafla wa akili, nao huanza kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na huharibu umakini kabla ya kitu kingine. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 20 hadi 1. Mgonjwa wa dimensia ya mapema mara nyingi ataweza. Aliye kwenye mkanganyiko atapotea njiani au ataacha kukusikiliza. Chanzo kwa kawaida kiko nje ya ubongo: maambukizi ya mkojo au mapafu (mzee anaweza kuwa nayo bila homa), upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, chumvi ya damu iliyovurugika, mkojo uliofungwa, choo kigumu cha siku nyingi, au dawa mpya. Kama ameanguka au kugonga kichwa katika wiki zilizopita, mwambie daktari hata kama hakuumia, kwa kuwa damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye, hasa kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, ni kiharusi hadi ithibitike vingine, na hapo dakika zinahesabiwa.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za kununua dukani na za miti shamba. Beba miwani na kifaa cha usikivu. Mtu wa nyumbani anayemfahamu akae naye. Na jihadharini na sura ya pili ya hali hii, ya ukimya, ambapo mzee amelala tu na hajibu. Wengi huipuuza kwa sababu haisumbui mtu.

Akipona, usimpime kumbukumbu wiki hiyo. Ubongo unaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia.

Shikamooni. Nimemfundisha mama (71) kutuma picha kwa simu mara nyingi. Anaelewa pale pale, kesho yake hajui pa kuanzia. Najikuta namfokea. Je, kuna umri ambao mtu hawezi tena kujifunza?

Marahaba. Umri huo haupo. Mtu wa umri wake mara nyingi huhitaji karibu muda maradufu wa kijana kujifunza kazi mpya kwenye simu au kompyuta, na akishajifunza anaifanya. Tunashuku kwamba "nimemfundisha" maana yake simu ilikuwa mkononi mwako.

Chagua kazi moja na njia moja. Picha inaweza kutumwa kwa njia tatu au nne, wewe mwonyeshe moja na usizitaje nyingine. Kabla ya somo, ondoa kwenye ukurasa wa kwanza kila alama asiyoitumia, kuza maandishi, zima arifa, na uongeze muda wa kugusa na kushikilia kwenye mipangilio. Vidole vya mtu mzima huwa vikavu au vizito, simu inadhani ameshikilia ilhali alitaka kugusa, menyu asiyoiomba inafunguka, naye anadhani ameharibu. Masomo mengi huvunjikia hapo, wala si kwenye kumbukumbu.

Somo liwe la nusu saa, asubuhi. Lynn Hasher na Cynthia May walionyesha kwamba wazee wengi hufanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu saa za asubuhi na hushuka alasiri, wakati vijana ni kinyume. Ukimfundisha jioni ukitoka kazini, unamfundisha saa yako nzuri na saa yake mbaya.

Simu aishike yeye mwanzo hadi mwisho, mikono yako ikae mapajani. Usimwambie "hebu kisia." Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba mtu mwenye kumbukumbu dhaifu hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kukosea, kwa sababu kosa alilolifanya hubaki mkononi wakati maelezo kwamba lilikuwa kosa yameshafutika. Kwa mzee mwenye kumbukumbu nzuri kukisia hakudhuru sana. Kadiri inavyokuwa dhaifu, ndivyo kunavyodhuru.

Aandike hatua yeye mwenyewe, kwa maneno yake, upande mmoja wa karatasi, zisizidi saba. Kila hatua iseme anachoona na anachogusa. Kama yeye anaiita alama fulani "kile kimshale," iandikwe kimshale. Mstari wa mwisho uwe: "Nikipotea: nabonyeza kitufe cha nyumbani, naanza upya."

Sasa linaloachwa na karibu kila mwalimu wa nyumbani, nalo ni nafasi ya muda kati ya jaribio moja na jingine. Atume picha ya kwanza akiangalia karatasi. Baada ya dakika moja atume nyingine. Kisha baada ya dakika 5, baada ya dakika 15, mwisho wa somo, jioni, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Kila mara ajaribu kuikumbuka hatua kabla ya kutazama karatasi, kwa kuwa kuichomoa kichwani ndiko kunakoijenga. Kumwonyesha mara kumi mfululizo kunampa hisia kwamba ameelewa, na hisia hiyo ndiyo iliyokudanganya wewe pia. Akikwama, mpe jibu mara moja, arudie, kisha rudi kwenye nafasi ya mwisho aliyofaulu.

Kuhusu kufoka, lipo la zaidi ya adabu. Mwaka 2001 Tamara Rahhal, Hasher na Stanley Colcombe waliwapa wazee na vijana kazi ile ile kwa maagizo mawili tofauti. Maagizo yaliposisitiza kwamba hii ni kazi ya kumbukumbu, wazee walifanya vibaya kuliko vijana. Yaliposisitiza kujifunza maarifa, tofauti haikuonekana. "Si nilikuambia jana?" inageuza somo kuwa mtihani wa kumbukumbu, nawe ndiye uliyeuweka.

Nimeona matangazo ya michezo ya simu ya kunoa ubongo, na vidonge vya ginkgo. Nina miaka 67, afya njema. Nitumie?

Mchezo unakupa ustadi wa mchezo huo. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani uliandikisha watu 2,832 wa miaka 65 hadi 94 na kuwagawa makundi manne: waliofundishwa mbinu za kukumbuka, waliofundishwa kufikiri kwa mantiki, waliofundishwa kuona na kuamua haraka, na wasiopewa mafunzo. Vipindi vilikuwa 10, vya dakika 60 hadi 75. Kila kundi liliendelea kwenye kile kilichofundishwa, likabaki pale pale kwenye vya wenzake. Matokeo ya baada ya miaka 10, yaliyotolewa 2014, yalionyesha kwamba faida ya mantiki na ya kasi ilibaki, ya mbinu za kukumbuka ilikuwa imeyeyuka, ingawa makundi yote matatu yaliripoti ugumu mdogo kiasi katika shughuli za kila siku kuliko wasiofundishwa. Kama unaufurahia mchezo, ucheze. Usiulipie kwa matumaini ya kukumbuka majina.

Ginkgo, dawa inayotokana na majani ya mti wa jina hilo, ilijaribiwa kwa watu 3,069 wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku dhidi ya vidonge bandia, kwa miaka ipatayo sita. Matokeo ya 2008: haikupunguza dimensia. Ukiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda, inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, kwa hiyo hapo tunasema acha kabisa.

Kilicho na ushahidi bora ni mchanganyiko unaochosha kuutangaza. Utafiti wa FINGER wa Finland, ulioongozwa na Miia Kivipelto, ulichukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa kwenye hatari, na kwa miaka miwili nusu yao wakapewa kwa pamoja ushauri wa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa presha, sukari na mafuta ya damu. Uwezo wa jumla wa akili uliongezeka kwa asilimia 25 zaidi ya kundi lililopewa ushauri wa kawaida. Linalosahaulika kutajwa ni kwamba tofauti ilionekana zaidi kwenye kupanga mambo na kasi ya kufikiri, si kwenye alama za kumbukumbu zenyewe.

Kutembea je? Kiasi gani?

Dakika 40, mara 3 kwa wiki. Ndicho kiasi kilichotumiwa na Kirk Erickson na wenzake katika utafiti wa 2011 wa watu 120 waliokuwa hawafanyi mazoezi. Walianza na dakika 10 na kuongeza 5 kila wiki hadi wakafika 40. Mwaka ulipoisha, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, ilikuwa imeongezeka ukubwa kwa asilimia 2 hivi, na ya waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo imepungua kwa asilimia 1.4. Ila alama za kumbukumbu ziliongezeka kwa makundi yote mawili, kwa hiyo usisikilize anayedai kwamba picha ya ubongo imemaliza mjadala. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba.

Bibi yetu hakusoma. Alipewa kipimo cha karatasi, akaambiwa achore mchemraba na saa, akapata alama za chini sana. Je, kweli ana dimensia?

Kwa kipimo hicho pekee hakuna anayeweza kusema. Kipimo kimoja chenye michoro hiyo ni MoCA, kilichochapishwa 2005. Kina alama 30 na kikomo cha kawaida ni 26. Aliyesoma miaka 12 au chini yake huongezewa alama moja. Alama moja haimfidii mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Kuchora mchemraba ni jambo la shuleni.

Omba kipimo kisichotegemea kusoma. Kimojawapo ni IDEA, kilichotengenezwa na watafiti waliofanya kazi Tanzania na Nigeria. Badala ya kuchora, mzee huonyeshwa umbo la njiti za kiberiti, linavunjwa, kisha yeye analipanga upya. Anataja pia wanyama wengi awezavyo kwa muda mfupi, na anarudia maneno 10 aliyosomewa baada ya kupita muda. Pamoja na kipimo, daktari anapaswa kumuuliza mtu anayeishi naye: mwaka jana bibi alifanya nini peke yake ambacho leo hawezi? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko mchemraba.

Kabla ya kutamka dimensia, yaangaliwe mambo yanayotibika. Damu ipimwe vitamini B12, ambayo hushuka kwa wanaomeza metformini (ya kisukari) au omeprazoli (ya asidi ya tumbo) kwa miaka, na tezi thairoidi. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ichunguzwe, kwa sababu mzee mwenye sonona hujibu "sijui" kwa kila swali bila hata kujaribu. Na dawa zote zikaguliwe. Vidonge vya zamani vya mzio na mafua vinavyoleta usingizi, kama klorofeniramini na difenhidramini, pia amitriptilini, huzuia kemikali ya ubongo inayohitajika kwa kumbukumbu. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, nayo hufifisha kumbukumbu mpya kwa njia yake. Lakini diazepamu iliyotumika muda mrefu haikatwi siku moja. Hupunguzwa taratibu kwa mpango wa daktari, vinginevyo inaweza kuleta degedege.

Mzee haongei tena kwenye kikao, anasema hasikii vizuri. Je, usikivu una uhusiano na kusahau?

Una uhusiano, tena kwa njia mbili. Neno lisilosikika vizuri haliingii, na lisiloingia haliwezi kukumbukwa. Pia nguvu ya akili inayotumika kukisia maneno inakosekana kwenye kuyahifadhi. Jopo la jarida la tiba la Lancet la 2024 liliuweka upungufu wa kusikia kati ya mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimensia. Presha, kisukari, sigara, upweke na kutoona vizuri pia vimo. Jaribio la ACHIEVE la 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84, halikuona tofauti kwa jumla baada ya miaka mitatu ya kutumia vifaa vya usikivu. Lakini kwa waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, kasi ya kushuka kwa akili ilipungua kwa asilimia 48.

Anzeni na nta: masikio yaangaliwe kabla ya kununua chochote, na kijiti cha pamba kisiingizwe, kwani huisukuma ndani. Kifaa kikipatikana, kivaliwe saa chache kwa siku mahali patulivu kisha muda uongezwe. Anayeanzia kwenye kikao chenye kelele hukitupa droo siku ile ile.

Mama mkwe ana Alzheimer iliyothibitishwa. Kila dakika chache anauliza, "Watoto wanarudi saa ngapi?" Nikimjibu anasahau. Nikimwambia ameshauliza, analia.

Usimwambie ameshauliza. Kwake hili ni swali la kwanza, na unachomwachia ni aibu tupu. Utafiti wa 2014 kuhusu wagonjwa wa Alzheimer ulionyesha kwamba huzuni na furaha hubaki hata baada ya mgonjwa kusahau kilichozileta. Mpe jibu fupi, kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza, na uangalie kama nyuma ya swali kuna hofu. Wakati mwingine "Wako salama shuleni" inatuliza kuliko saa.

Kuna njia ya kumfundisha jibu, inayotokana na kazi ya Thomas Landauer na Robert Bjork ya 1978, ambayo Cameron Camp aliipeleka kwa wagonjwa wa dimensia. Jibu liwe tendo: si "saa kumi," bali "Naangalia ubao," yaani ubao wa ratiba mtakaoutundika. Mwambie: "Ukitaka kujua watoto wanarudi lini, angalia ubao." Muulize pale pale: "Ukitaka kujua, unafanya nini?" Ajibu na aangalie. Uliza tena baada ya sekunde 15, kisha 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8. Katikati zungumzeni mambo ya kawaida, msikae mnangoja. Akikosea, mpe jibu bila kumwacha akisie, alirudie, kisha rudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Kikao cha kesho kianze na swali moja: akipatia, endelea na muda mrefu zaidi. Kama baada ya vikao kadhaa hawezi kuvuka dakika moja au mbili, acha, bakini na jibu la upole.

Ubao wenyewe uwe mweupe, wino mweusi, mistari isiyozidi mitatu: siku, nani yuko wapi, anarudi lini. Futa kila jambo likishapita. Ubao wa Jumatatu ukikutwa Jumatano, ataacha kuuamini na mafunzo yote yamekwenda. Utundike mahali anapoketi mchana, usawa wa macho yake akiwa ameketi, si wa macho yako ukiwa umesimama.